Alamu Iliyokuja na Nyumba

Kazini walimwita Thibitisha, na alipostaafu jina likamfuata mpaka nyumbani. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima. Mtu akija na kilio kwamba duka lake limeungua, yeye alikwenda, akachuchumaa, akanusa majivu, akamtazama mwenye duka usoni, kisha akasema neno hilo moja. Wengi walimchukia, naye hakuwa na kinyongo na yeyote.

Nyumba ya kustaafia aliinunua kwa bwana mmoja mwembamba, mwenye haraka, aliyeiuza pamoja na kila kilichopigiliwa ukutani. Thibitisha alilipenda hilo kuliko nyumba yenyewe. Mgeni akija, kabla hajakaribishwa kiti alizungushwa kwanza. Vyuma vya kushikilia kwenye kuta za bafu la chumba cha nyuma: vimekuja na nyumba. Komeo la lango, lililofungwa juu mno hata yeye na urefu wake wote anajinyoosha kulifikia: limekuja na nyumba. Swichi ya jiko iliyofichwa kabatini nyuma ya masufuria, na simu ya korido, zile za kuzungusha namba kwa kidole, ambayo laini yake ilikatwa zamani. Na alamu ya wezi, ambayo aliiacha mwisho, kama mtu anayebakiza nyama.

Siku ya kukabidhi funguo, yule bwana mwembamba aliigusa paneli ya alamu kwa kidole akasema, "Hii msiing'oe. Mtaishukuru." Kisha akapanda gari, akaenda zake bila hata kunywa maji.

Chumba cha nyuma alipewa mama yake Thibitisha. Kilikuwa chumba bora kuliko vyote, kina bafu lake, kina jua la asubuhi. Kilikosa kioo tu. Ukutani ilibaki misumari mitupu. Mkewe Thibitisha alinunua kioo akakitundika, na kesho yake wakakuta Mama amekigeuza kikatazama ukuta. Alieleza kwamba humo ndani mna mama mmoja mzee, kila akimsalimia hajibu, anachezesha mdomo tu. Thibitisha alicheka sana. Akasema Mama tangu zamani ana utani wake.

Mama alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Enzi hizo ukipiga hospitali ulimpata yeye kwanza, na ukisema shida yako nusu tu alikwishajua akuunganishe wapi. Sauti yake ilikuwa bado ile ile, laini na ya kunyooka. Kwa hiyo akisema jambo la ajabu, alilisema vizuri mno hata ukaona aibu kubisha.

Mdogo wake Thibitisha wa kike, aliyeishi mji mwingine, hakuona aibu.

"Kaka, Mama anapotea," alisema kwenye simu. "Jana ameniuliza mimi ni binti wa nani."

"Alikuwa anakutania."

"Ameniuliza mara mbili!"

"Utani mzuri hurudiwa. Una ushahidi gani mwingine? Thibitisha."

Mdogo mtu hakuthibitisha. Alisema tu kwamba ameshapata daktari wa mambo hayo, kwamba wiki ijayo atakuja na gari kumchukua Mama apimwe, na kwamba kaka yake akitaka kukasirika akasirike. Thibitisha akamjibu aje tu, atakuta lango limefungwa, na komeo lenyewe hatalifikia. Wakakatiana simu.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Alijua vizuri jinsi karatasi zinavyofanya kazi. Daktari akishaandika, imeandikwa, na mtu hawezi tena kuinama na kunusa majivu akapata maelezo mengine. Mpaka hapo, Mama alikuwa mzee mwenye utani. Yeye alitaka abaki hivyo.

Alamu aliiwasha baada ya jirani kuibiwa televisheni. Akawa anaitega kila jioni, kwa raha zake, akibonyeza namba kama anayepiga kinanda. Na karibu kila alfajiri ilimlilia. King'ora chenyewe kilifungwa chumbani kwao, juu ya mto wa kulalia, jambo ambalo Thibitisha alilisifia: mwenye nyumba ndiye apaswaye kusikia kwanza. Alikurupuka, akatoka na rungu, na kila mara alimkuta Mama tu, amesimama koridoni amevaa gauni lake la bluu, mkoba kwapani.

Mkaguzi ni mkaguzi. Aliipima hali ile, akatoa uamuzi: alamu ni mbovu, inalia bure, na kelele zake zinamtoa Mama wa watu kitandani kwa hofu.

"Anakimbia kelele na mkoba?" mkewe aliuliza.

"Mwanamke yeyote mwenye akili zake akikimbia hatari anachukua mkoba."

"Na kitambulisho cha kazi shingoni?"

Thibitisha alisema hilo ni suala la tabia. Mkewe akaanza kulala na pamba masikioni. Na mume mtu akaita fundi.

Fundi wa alamu alikuja Jumamosi asubuhi, mtu mnene, mpole, mwenye ngazi fupi aliyoibeba begani kama mtoto. Alipangusa miguu mlangoni, akaitikia kila alichoambiwa.

"Inalia bure?"

"Bure kabisa," Thibitisha alisema. "Inaona vitu visivyokuwepo."

"Mara nyingi huwa ni mijusi," fundi alisema kwa uhakika. "Mjusi akipita mbele ya jicho la alamu, kwisha. Tutamkamata."

Alifungua paneli. Betri ya ndani ilikuwa imevimba. Akaitoa, akaweka mpya. Alipuliza vumbi, akakaza nyaya, akapaka kitu kwenye viungo vilivyoshika kutu. Mijusi hakuona. Kisha akazunguka nyumba nzima akitazama juu ya madirisha, sebuleni, jikoni, chumbani, akarudi tena sebuleni, na kila alipozidi kutazama ndivyo mdomo wake ulivyozidi kujikunja.

"Mzee, mwizi wa hapa mnategemea apitie wapi?"

"Dirishani. Kama wezi wote."

"Madirisha hayana kitu. Hata sumaku moja ya kuishtua alamu dirisha likifunguliwa."

"Haiwezekani. Hii ni alamu ya nyumba nzima. Thibitisha."

Fundi alikuwa hajui kwamba hilo ni jina. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ingia, mzee. Nitaitega, wewe utoke nje, uingie kama mwizi. Tusikie."

Hivyo ndivyo mtu mzima, mstaafu, mwenye suruali ya kitambaa, alivyojikuta ananing'inia kwenye dirisha la sebule yake mwenyewe saa nne asubuhi. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mwingine ukitafuta pa kukanyaga nje. Mkewe alikuwa sebuleni akipiga pasi.

"Karibu," alisema, bila kuinua macho.

"Nyamaza, naijaribu alamu."

"Kama unaiba, anza na pasi hii. Inachoma kola."

Thibitisha alitua sakafuni kwa kishindo. Alisimama, akasikiliza. Kimya. Alitembea sebule nzima akipunga mikono juu. Kimya. Akaichukua redio kubwa mezani, akapita nayo mbele ya mkewe, akatoka nayo dirishani, na hapo suruali ikachanika. Alamu haikusema lolote. Alizunguka akaingia tena kwa dirisha la jikoni, redio mkononi, akafungua jokofu kwa hasira, akalifunga, akatoka. Angeweza kuhamisha nyumba nzima na mkewe juu.

"Unaona?" fundi aliita kutoka ndani. "Labda aliyefunga alikuwa amelewa!"

Thibitisha alikuwa bado nje, amekumbatia redio, jasho likimtiririka, akitunga maneno makali ya kumwambia aliyemuuzia nyumba, pale alamu ilipolia.

Ililia kwa nguvu zote za betri mpya. Alipanda dirisha kwa mara ya tatu bila kujali heshima wala suruali, akakimbilia koridoni. Alimkuta fundi juu ya ngazi, ameganda, anatazama chini. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mama alikuwa ametoka, gauni la bluu, kitambulisho shingoni, mkoba kwapani. Kwa mkono mmoja ameziba sikio, na kwa ule mwingine anapapasa ukuta, uso umejaa woga wa mtu aliyechelewa.

"Laini gani hiyo inalia vibaya hivyo?" aliuliza. "Mbona hakuna anayepokea?"

Fundi alibonyeza, kukawa kimya. Na katika kimya kile Thibitisha alielewa kitu kimoja, kidogo tu, ambacho mwanafunzi wa siku ya kwanza kwenye bima angekielewa: kipi kilitangulia. Alamu haikuwa imemtoa Mama. Mama ndiye aliyeiliza alamu. Kila alfajiri.

Mama naye alimwona. Alimtazama kuanzia nywele zenye utando wa buibui, akashuka kwenye redio, akaishia kwenye suruali. Kisha akamgeukia fundi.

"Wewe ndiye fundi? Afadhali upo. Hebu mwite askari wa getini. Huyu bwana amebeba redio ya mwanangu."

Thibitisha alicheka. Ulikuwa utani mzuri, kusema kweli. Alimsubiri naye acheke.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwanao."

Mama alimchunguza kwa adabu yote, vile alivyowachunguza watu waliofika dirishani kwake hospitalini bila miadi. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu yuko shule. Anatoka saa nane." Halafu akaona kitu usoni mwa yule mwizi, kwa sababu sauti yake ilishuka, ikawa ile ya kuwaambia watu habari mbaya. "Weka redio chini, baba. Hakuna atakayekudhuru."

Akaiweka chini.

Mkewe alifika, akamshika Mama mkono, akamwambia chai iko tayari na kazini leo wamesema waanze saa sita. Alilisema bila kusita, na Thibitisha akatambua kwamba mkewe amekuwa akilisema hilo kila siku, kwa muda mrefu, yeye akiwa kwenye magazeti yake. Wakaenda jikoni wakizungumza habari za daktari fulani mkali aliyekwisha kufa zamani.

Fundi alishuka ngazi taratibu, macho yakiepuka kila mtu.

"Mzee," alisema, kwa kuwa ilibidi mtu aseme kitu, "kazi hii imefungwa kinyume yote. Kuna sumaku mlango wa chumba kile peke yake, na jicho moja, na lenyewe halitazami nje, linautazama ule mlango. Aliyekaa mle akitoka tu, inalia. Mwizi akiingia, inamwangalia. Lakini inageuzika. Nipe mpaka jioni, naigeuza yote iwe alamu ya kawaida."

Thibitisha hakumwambia athibitishe. Alikwenda kukaa kwenye ngazi za mlango wa mbele, akampigia yule bwana mwembamba.

"Nimepiga kuhusu alamu," alisema.

Yule bwana akauliza, "Chumba cha nyuma mmempa nani?"

"Mama yangu."

"Aah." Yule bwana alishusha pumzi. "Sisi alikuwa baba. Alikuwa dereva wa malori. Akiamka tu anakwenda kutafuta lori. Tumemwokota stendi, tumemwokota sokoni, siku moja tumemkuta kwenye gari la watu amekaa usukani anawapigia honi. Ndiyo tukafunga vile."

"Ungeniambia."

"Ningeweza kukuambia nilisahau. Lakini sikusahau." Alikohoa. "Ningekuambia nyumba hii imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, ungeinunua?"

Thibitisha alisema asingeinunua. Wakaagana bila ugomvi.

Alibaki pale, akaliangalia lango. Komeo lile lilikuwa juu kwa sababu mzee mmoja mfupi alikuwa akilifungua. Swichi ya jiko ilifichwa kwa sababu mzee huyo aliacha moto. Misumari ilibaki mitupu kwa sababu naye alimkuta mtu kiooni asiyejibu salamu, na watoto wake wakamhurumia wakakiondoa. Nyumba nzima ilikuwa imemwambia tangu siku ya kwanza. Yeye aliwatembeza wageni, akawaonyesha ushahidi wote, kimoja baada ya kingine, akijisifu. Aliona uchungu, na ndani ya uchungu aliona haya, hasa akikumbuka rungu. Kila alfajiri mama yake alikuwa anatoka kwenda kazini, na mwanawe anamtokea na rungu.

Akampigia mdogo wake.

"Njoo," alisema. "Lango nitalifungua."

Mdogo mtu alikuwa amejiandaa kwa vita na sasa akakosa wa kupigana naye. "Kumetokea nini, Kaka?"

"Nimethibitisha."

Mdogo wake akalia, naye akamwacha alie.

Aliporudi ndani fundi alikwishatandaza zana zake sakafuni, tayari kugeuza.

"Usiigeuze," Thibitisha alisema. "Iache ilivyo, itegwe mchana na usiku. Isipokuwa king'ora. Ile sauti inamtisha."

"Tukiondoa king'ora haitakuwa alamu tena, mzee. Itakuwa pambo."

"Hakuna sauti nyingine?"

Fundi alipekua mkoba wake, akatoa kispika kidogo, akawa anabonyeza. Kilibweka kama mbwa. Kilisema "Ondoka hapa!" kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Kikalia kama ambulensi, na jikoni kijiko kikaanguka. Kikaja mlio mwingine, wa taratibu, krrr-krrr, kimya, krrr-krrr.

Jikoni kiti kilisogea.

"Hiyo ni simu ya zamani," fundi alisema. "Hakuna mteja anayeichagua. Haitishi wezi."

"Funga hiyo," Thibitisha alisema. "Koridoni. Juu ya ile simu pale."

Kazi ilichukua muda, kwa kuwa fundi alitoboa tundu la kwanza akakuta chuma, la pili likawa kubwa kuliko skrubu. Wakati huo Mama alimaliza chai yake, akarudishwa chumbani, akapumzika. Fundi alimwonya mwenye nyumba kwamba kwa mtego huo Mama akitoka hata kwa chakula, simu itaita.

"Basi atapokea," Thibitisha alisema.

Walitega, wakasubiri. Mkewe alisimama mlango wa jikoni, taulo mkononi. Fundi alijifanya anakunja ngazi. Thibitisha alijibanza mwisho wa korido, karibu na mlango wa mbele, na suruali yake ile ile iliyochanika.

Haikupita muda kitasa kikazunguka. Mama alitoka na mkoba kwapani, akaelekea mlango wa mbele kwa hatua za mtu mwenye zamu.

Simu ikaita.

Mama alisimama. Bega likashuka, uso ukakunjuka, na ule woga wote wa kuchelewa ukamtoka, kwani sasa alikuwa amefika. Aligeuka. Akaweka mkoba chini, akavuta kiti cha korido, akaketi, akanyanyua mkono wa ile simu isiyo na laini. Fundi alibonyeza, mlio ukakatika pale pale.

"Haloo, hospitali," alisema Mama. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote za utoto wake Thibitisha. "Haloo? Anatafutwa nani?"

Mkewe alimtazama Thibitisha. Fundi alitazama ngazi yake. Mama alisubiri, kwa subira ya mtu aliyezoea watu wanaopiga simu wakashindwa kusema.

"Sema tu, usiogope. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta mama yangu," Thibitisha alisema.

"Yuko hapa kwetu?"

"Ndiyo. Yuko hapo."

"Haya." Mama alibana simu kwa bega, na vidole vyake vikaanza kutafuta kitu hewani, kushoto, kulia, juu kidogo, kwenye ubao wa nyaya ambao yeye peke yake aliuona. "Subiri hapo hapo, usikate. Ngoja nikutafutie."

"Sikati," alisema mwanawe.